Nani Bado Anajua Kuisoma? Kovu, Mfupa, Lokole na Karatasi za Yangambi



Wanaonisikiliza redioni wanajua kwamba kabla ya habari za jioni mara nyingi hubaki dakika mbili tupu. Matangazo yamekwisha, mgeni hajafika, au umeme umekatika na tunangoja jenereta ishike. Hapo ndipo ninapofungua daftari langu. Ni daftari la shule la kurasa 200, jalada la bluu, na ndani yake nakusanya mambo ya ajabu: ya mwili wetu, ya wanyama na miti, na ya vyombo vya zamani ambavyo watu walitumia kuweka kumbukumbu. Kwamba ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, hivyo ncha unayoikata leo ilianza kuota miezi mitano au sita iliyopita. Kwamba mapacha waliofanana kama matone ya maji hawana alama moja za vidole. Kwamba okapi wa misitu yetu ana ulimi mrefu kiasi cha kujilamba masikio yake mwenyewe.

Siku moja ya mvua nilikuwa navuka kutoka Lubunga kwa mtumbwi. Upepo ulianza tukiwa katikati ya mto, na kabla hatujafika upande wa mjini begi langu lilikuwa limelowa hadi ndani. Usiku nikalifungua daftari na kulianika karibu na jiko la makaa. Kurasa nilizoandika kwa kalamu ya jeli zilikuwa zimegeuka mawingu ya bluu. Kurasa nilizoandika kwa penseli, siku zile sina pesa ya kalamu, zilikuwa nzima, kila herufi mahali pake. Nilipouliza nikaelezwa sababu. Ndani ya penseli mna grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti ni kaboni: haiyeyuki katika maji wala haififii juani. Ndiyo maana wataalamu wa mimea huandika vibandiko vyao vya msituni kwa penseli mpaka leo. Nami nikaliandika jambo hilo daftarini, kwa penseli.

Nililisimulia redioni. Baada ya kipindi mama mmoja wa Mangobo akapiga simu. "Mwanangu," akasema, "penseli ni sawa. Lakini mwandiko wako huo, siku wewe haupo, nani atausoma?" Nilicheka. Kisha nikatazama kurasa zangu, zimejaa vifupisho ninavyovijua mimi peke yangu, nikaacha kucheka. Tangu siku ile, kila jambo ninaloliingiza daftarini nalipitisha kwenye swali la mama yule. Leo nawaletea mambo matano ambayo swali hilo lilinifanya niyatazame upya. Manne kati yake ni makubwa kuliko mimi. La tano ni kosa langu mwenyewe.

Kovu mkononi mwa koko

Tuanze na kumbukumbu iliyo karibu kuliko zote. Ukirudi nyumbani leo, muombe koko yako, au mzee yeyote aliyezaliwa kabla ya mwaka 1970, apandishe mkono wa shati. Wengi wana kovu la duara sehemu ya juu ya mkono, limebonyea kidogo kama alama ya kidole kwenye bugali. Hilo ni kovu la chanjo ya ndui.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilizidisha kampeni ya kuufuta ugonjwa huo duniani. Wachanjaji walitumia sindano fupi yenye ncha mbili, kama uma mdogo sana. Waliichovya katika dawa, wakadonoa ngozi mara 15 hivi kwa haraka, kazi ikaisha. Haikuhitaji daktari wala umeme wa hospitali. Chanjo ilifanya kidonda, kidonda kikaacha kovu, na kovu likawa cheti ambacho mvua haikilowanishi na mchwa hawakili. Mchanjaji aliyefika kijijini hakuwa na haja ya kuuliza karatasi. Aliangalia mikono.

Kazi hiyo ilifanikiwa. Kisa cha mwisho cha ndui katika nchi yetu kilikuwa mwaka 1971, mwaka ule ule nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaire. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 OMS ikatangaza kwamba ndui imekwisha, na chanjo ikasimamishwa. Cheti cha mkononi kikawa kama noti ya zamani: kipo, lakini hakuna anayekiuliza.

Sasa oneni jinsi maana yake ilivyorudi. Mwaka 1970 huko Basankusu, Équateur, mtoto wa miezi 9 aliugua ugonjwa uliofanana na ndui, nao haukuwa ndui. Yeye ndiye binadamu wa kwanza kujulikana kuwa na ugonjwa tunaouita leo mpox. Virusi vya magonjwa haya mawili ni ndugu, na mwili uliofundishwa kupigana na kimoja hukumbuka namna ya kupigana na cha pili. Watafiti waliofanya kazi Sankuru kati ya mwaka 2005 na 2007 waliona kwamba watu waliochanjwa ndui zamani walikuwa na hatari ya kupata mpox karibu mara 5 pungufu kuliko wasiochanjwa, ingawa chanjo yenyewe ilikuwa imekoma miaka 25 nyuma. Waliona pia kwamba visa vilikuwa vimeongezeka karibu mara 20 kuliko miaka ya 1980. Kila mwaka wenye kovu wanapungua, na wanaozaliwa hawana. OMS ilipotangaza mpox kuwa dharura ya dunia mwezi Agosti 2024, watoto walikuwa wengi sana kati ya wagonjwa wa nchi yetu.

Kwa hiyo mzee mwenye kovu anabeba kumbukumbu mbili. Ya kwanza iko juu ya ngozi, macho yanaiona. Ya pili iko damuni: chembe za kinga zilizojifunza adui mwaka 1968 au 1972 na kumkumbuka baada ya nusu karne. Hilo halimfanyi awe salama kabisa, kwa sababu kinga hupungua, na mwenye kovu naye anawe mikono na kujihadhari kama wengine. Lakini ni jambo la kustaajabisha kwamba mwili unaweza kutunza somo la dakika moja kwa muda mrefu hivyo.

Hata hivyo ngozi haijisomi yenyewe. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, nayo huacha kovu, na kijana wa miaka 20 anaweza kukuonyesha la kwake akidhani ni lile la ndui. Unahitaji kujua umri wa mtu, na zaidi unahitaji mzee mwenyewe akwambie: tulipangwa mstari mbele ya shule, alikuja mtu na kisanduku, akatudonoa. Bila maneno hayo una duara tu juu ya ngozi.

Mfupa wa Ishango

Kutoka ngozini tuingie kwenye mfupa, na tutoke Tshopo kwenda mashariki, Kivu ya Kaskazini. Pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward kuna mahali panaitwa Ishango. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba hapo katika makazi ya wavuvi wa kale. Alipata vichokoo vya mifupa vya kuvulia samaki, na pamoja navyo mfupa mdogo wa mnyama wenye urefu wa karibu sentimita 10, umekuwa wa kahawia kwa uzee. Kwenye ncha moja umepachikwa kipande cha jiwe jeupe gumu, kwatsi. Ubavuni una mikato midogo iliyopangwa kwa mistari mitatu. Unakadiriwa kuwa na miaka karibu 20,000. Leo uko Brussels, katika makumbusho ya sayansi ya asili.

Nimeinakili mikato hiyo daftarini mwangu, nanyi inakilini. Mstari mmoja una makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Wa katikati una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisheni. Wa kwanza unatoa 60, wa pili 60, wa katikati 48. Walimu wa hesabu wataona mara moja kwamba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, zisizogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa 1 na zenyewe, na ni namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Wataona pia kwamba katikati kuna 3 kando ya 6, kuna 4 kando ya 8, kuna 10 kando ya 5, kama mtu anayezidisha na kugawanya kwa mbili.

Basi mtu huyo wa kando ya ziwa alikuwa akifanya nini? De Heinzelin mwenyewe aliona hapo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliutazama mfupa kwa darubini akasema ni kalenda, mtu alikuwa akihesabu siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu kwa karibu miezi sita. Wako wanaosema mikato iliwekwa tu ili kifaa kisiteleze mkononi. Kila mmoja ana hoja yake, na mfupa unawasikiliza wote bila kujibu.

Mimi jambo hili linanigusa kuliko ubishi wa namba zenyewe. Mikato imedumu kuliko karatasi yoyote, kuliko jiwe la kaburi lolote mjini kwetu. Hakuna hata mmoja uliopotea kiasi cha kutuzuia kuhesabu. Aliyeichora alijua maana yake, na bila shaka mtu wa pili, mke, mtoto au mvuvi mwenzake, alijua pia. Mlolongo ulikatika mahali fulani. Siku mtu wa mwisho aliyejua kuusoma alipozikwa, mfupa ulibaki mzima mfukoni mwa mtu ambaye kwake ulikuwa kisu au kichezeo.

Gogo linalosema

Turudi nyumbani, kwenye mto wetu. Wote mmeona lokole, hata kama ni kwenye sherehe tu: gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mwembamba, lenye midomo miwili. Ukipiga mdomo mmoja linatoa sauti ya juu, ukipiga wa pili linatoa sauti ya chini. Watoto wengi wa mjini wanadhani ni ngoma ya kuchezea. Kwa Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mto kuanzia hapa Kisangani hadi upande wa Isangi, lilikuwa simu.

Mwingereza John Carrington alifika misheni ya Yakusu mwaka 1938, akajifunza kulipiga, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alichoeleza ni hiki. Kilokele ni lugha ya toni: neno lile lile likipandishwa au kushushwa sauti linabadilika maana. Neno lisaka, kwa jinsi unavyolipandisha, linaweza kuwa dimbwi la maji, au ahadi, au sumu. Tena kuna mfano ambao Walokele hawachoki kuucheka: kuna sentensi moja ambayo ukiitamka sawasawa inasema "alitazama ukingo wa mto", na ukikosea toni inasema "alimchemsha mama mkwe wake". Muoaji ajihadhari.

Lokole haliwezi kutamka herufi. Haina b wala s wala a. Linabeba toni tu, juu na chini. Na hapo kuna tatizo: maneno mengi yana toni zile zile. Neno la mwezi na neno la kuku katika Kilokele yote mawili ni juu-juu. Msikilizaji wa kijiji cha pili atajuaje? Wahenga wa mto walipata dawa. Kila neno walilipa mkia wake. Mwezi hawakuupiga peke yake, walipiga mwezi unaotazama chini duniani. Kuku walimpiga kama kuku yule mdogo anayelia kiokio. Mkia unakuwa mrefu, toni zinakuwa nyingi, na maneno hayafanani tena. Habari ya sentensi moja iligeuka kuwa hotuba, na kwa sababu hiyo ilifika bila kuharibika. Wahandisi wa simu wa karne ya 20 walifikia kanuni iyo hiyo kwa hesabu: ukitaka ujumbe upite kwenye kelele bila kupotoka, ongeza maneno. Wapigaji wetu walikuwa wakiitumia tayari.

Watu nao walikuwa na majina ya lokole, marefu, yenye kutaja ukoo, ili habari ya msiba isifike kwa mtu asiyehusika. Na wapigaji walipenda jioni na alfajiri, jambo lenye sababu ya kisayansi. Usiku hewa iliyo juu ya maji inapoa, na ile ya juu zaidi inabaki na joto. Sauti ikipanda inapindishwa kurudi chini, inateleza juu ya mto na kufika mbali kuliko saa sita mchana.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alipita katika misitu yetu akarekodi miziki mingi, na lokole la Walokele likiwemo. Sauti hizo zipo hadi leo. Lakini tayari katika siku za Carrington vijana walikuwa wakienda shule, mjini na kazini, na wachache walijifunza kupiga. Tazameni jambo lenyewe: kujua kupiga ni kipaji cha wachache siku zote, lakini kijiji kizima kilijua kusikia. Kilichoanza kufa kwanza ni masikio ya kijiji.

Karatasi za Yangambi

Shukeni mto kama kilomita 100 na mtafika Yangambi. Hapo Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, kilichoundwa mwaka 1933. Baada ya uhuru kikawa chini ya INERA. Wengi wetu tunaijua Yangambi kwa michikichi na kwa majengo yake ya matofali mekundu. Mimi naijua zaidi kwa vitu viwili vilivyomo ndani. Cha kwanza ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati, yenye vielelezo karibu 150,000. Cha pili ni majedwali ya miti.

Ili muelewe thamani ya majedwali hayo, lazima kwanza mjue tabia moja ya mti. Watu wengi wanadhani ukipigilia msumari kwenye mti mchanga, baada ya miaka utaukuta juu kabisa. Sivyo. Mti hurefuka kwenye ncha zake tu, na shina hunenepa. Msumari hubaki urefu ule ule kutoka ardhini, na mbao zinaumeza polepole. Huko Luki, Kongo ya Kati, miti ilitiwa misumari yenye vibati vya namba mwaka 1948. Karibu miaka 60 baadaye watafiti walirudi, wakakata mahali pa msumari, wakaona ndani ya mbao jeraha la mwaka ule, na wakapima mti umenenepa kiasi gani tangu siku ile.

Kwa nini wahangaike na misumari? Kwa sababu miti yetu mingi haiandiki miaka waziwazi. Ulaya kuna majira ya baridi, mti unasimama kukua, na kila mwaka unabaki duara moja ndani ya shina, hata mtoto anaweza kuhesabu. Msituni kwetu joto liko mwaka mzima, na kwenye miti mingi maduara hayaonekani au yanadanganya. Basi mahali ambapo mti hauandiki, inabidi mtu aandike.

Ndivyo ilivyofanyika Yangambi. Kati ya mwaka 1937 na 1958 watu walipita njia zile zile msituni, wiki kwa wiki, wakitazama zaidi ya miti 2,000. Kila mti uliotoa maua uliwekewa alama. Uliotoa matunda, alama nyingine. Uliopukutisha majani, alama nyingine. Mkono kwa mkono, kwenye karatasi, kwa zaidi ya miaka 20. Kisha ukaja uhuru, yakaja maasi, zikaja vita ambavyo wote tunavikumbuka, na karatasi zikakaa kimya. Nani angezihitaji alama za maua ya mwaka 1941?

Zilikuja kuhitajika. Hali ya hewa inapobadilika, watu wanauliza: je, miti ya bonde la Kongo inachanua wakati ule ule kama zamani? Kwa kujibu unahitaji zamani yenyewe, na zamani hiyo ilikuwa kwenye majedwali. Mwaka 2015 mtafiti Koen Hufkens aliweka picha za karatasi hizo kwenye intaneti na kuwaomba watu wa kawaida, popote walipo, wasaidie kuzisoma na kuziingiza kwenye kompyuta, alama moja moja. Watu ambao hawajawahi kuona mto wetu walikaa nyumbani kwao wakisoma ni wiki gani mti wa Yangambi ulitoa maua kabla wao hawajazaliwa.

Kwa nini karatasi hizi zilisomeka na mfupa wa Ishango haukusomeka? Karatasi ni dhaifu mara elfu kuliko mfupa. Tofauti ni kwamba walioziandika waliacha ufunguo. Alama hii ni maua, hii ni matunda, safu hii ni wiki, mti huu ni wa aina fulani. Asiyewajua kabisa angeweza kuendelea na kazi yao. Na pale Yangambi palikuwa na watu waliobaki kulinda nyumba na makabati miaka ambayo kulinda karatasi kulionekana kichaa.

Faili niliyobaki nayo

Sasa kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda upande wa Yakusu kumtembelea mzee mmoja mpigaji wa lokole. Nilitaka sauti ya kufungulia kipindi. Alinikaribisha vizuri, tukala samaki na kwanga, akapiga ujumbe mara nne, na kila mara alinieleza umesema nini. Nilirekodi kwa simu. Maelezo yake sikuyaandika, kwa sababu nilisema moyoni: yote yamo kwenye simu. Nilipofika mjini nikamkabidhi fundi wa studio sauti moja tu ya kufungulia kipindi, ile iliyosikika vizuri zaidi, nikakata maneno, nikabakiza ngoma. Baada ya miezi michache kadi ya memori ya simu yangu ikafa. Mafundi watatu walijaribu, haikufunguka. Nilijiambia nitarudi kwa mzee msimu wa kiangazi. Kabla ya kiangazi nikaletewa habari kwamba amefariki.

Ninayo ile sauti moja. Dakika moja na sekunde kumi, safi kabisa, haina kelele, nimeihifadhi mahali patatu. Sijui inasema nini. Ninao mfupa wangu wa Ishango, nami ndiye niliyeutengeneza.

Baada ya simu ya mama wa Mangobo niliibeba ile sauti hadi kwenye bandari ndogo ya mitumbwi ambako Walokele wanashusha samaki na mihogo. Nikawaomba wazee wasikilize. Walikusanyika watatu, na mama mmoja mwuza samaki wa kukaushwa ambaye baba yake alikuwa mpigaji. Nilicheza mara tano. Mwanzo walikubaliana wote: ni wito wa kuwaambia watu wanyamaze wasikilize. Kisha likaja jina la mtu, na mama akalitambua ukoo wake. Baada ya hapo wakaachana. Mzee mmoja alisema watu wanaitwa mazikoni. Mwingine alisema hapana, wanaitwa kwenye mieleka. Yule wa tatu alisema angejua kama ningecheza polepole, nikacheza polepole, akasema sasa imeharibika. Mama alinyamaza muda, kisha akasema, "Baba angekuambia mara moja. Sisi tulikuwa tunasikia tu, hatukufikiri siku moja tutaulizwa."

Nimeandika majibu yote mawili, mazikoni na mieleka, kwa penseli, na tarehe, na mahali. Nimewaomba ruhusa ya kurudi. Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayesikia lokole, si lazima awe anapiga, nitafuteni redioni nije na sauti hii. Na msingoje nifike: kaeni naye jioni moja, mrekodi, na papo hapo muandike kila kipande kinamaanisha nini, nani amesema, kijiji gani, tarehe gani. Vivyo hivyo kwa kovu la koko. Muulizeni alidonolewa wapi na mwaka gani, na muandike.

Daftari langu nimelipiga mstari mpya pembeni ya kila ukurasa. Zamani nilikuwa na safu tatu: jambo, nimelipata wapi, nimelisoma redioni siku gani. Sasa ipo ya nne: nani mwingine anajua. Kurasa nyingi safu hiyo bado ni tupu, nami najitahidi kuijaza.

Mama wa Mangobo, kama makala hii imekufikia, ujue nimeandika maana ya vifupisho vyangu vyote kwenye ukurasa wa mwisho. Juzi nilimpa binti yangu wa darasa la tano ajaribu. Alisoma kurasa tatu bila kuniuliza kitu. Kwenye ukurasa wa nne alisimama, akaweka kidole, akaniuliza neno hili ni nini. Nililitazama sana. Nilikuwa nimelisahau.